Tumwache Mgonjwa Alale



Kila tarehe 11 Februari Kanisa huadhimisha Siku ya Wagonjwa Duniani, iliyowekwa na Papa Yohane Paulo II mwaka 1992. Siku hiyo, na Jumapili nyingi nyinginezo, sisi vijana wa Uvira hutoka Kimanga, Mulongwe na Kalundu kwenda kuwatazama wagonjwa. Twaenda thelathini kwa pamoja, na ngoma zetu. Twaingia saa nane mchana, wakati mama aliyekesha kwa maumivu ndiyo kwanza amepata lepe la usingizi. Twamwamsha ili tumwombee apumzike! Hilo si tendo la huruma. Tumejitembelea wenyewe.

Mwili wa mgonjwa hujijenga anapolala. Akinyimwa usingizi, maumivu humzidia. Na maumivu yakizidi, usingizi humkimbia. Nabii Eliya alipochoka hata akaomba kufa, malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, naye Eliya akala, akanywa, akalala tena.

Baya zaidi ni maneno yetu. Twamwambia mgonjwa avumilie, kwa kuwa huo ni msalaba wake. Wengine humkataza hata kuomba dawa, wakidai kwamba Bwana aliikataa divai yenye manemane pale Golgotha. Ni kweli, aliikataa. Lakini aliikataa kwa ajili yake mwenyewe. Wagonjwa waliomjia hakuwarudisha na maumivu yao, na Msamaria wa mfano wake alimimina mafuta na divai juu ya vidonda. Mwaka 1957 Papa Pio XII alifundisha wazi kwamba ni halali kumtuliza mgonjwa maumivu, hata kwa dawa kali. Na jirani zetu wa Uganda wametuonyesha kwamba jambo hili lawezekana katika nchi zetu: tangu 1993 Hospice Africa Uganda huwapa wagonjwa wa saratani mofini ya kunywa, hata nyumbani kwao. Atoaye mateso yake kuwa sadaka, hutoa kwa hiari. Hakuna awezaye kutoa sadaka maumivu ya mwenzake.

Je, tusiimbe tena? Tuimbe, mgonjwa akitaka, na kwa sauti ya chini. Lakini kwanza tujifunze kuhudumu. Twende wawili wawili. Tumwulize muuguzi saa inayofaa. Tukimkuta mgonjwa amelala, tuketi kimya au turudi kesho. Akiwa macho, tumwulize panapouma, na kiasi gani, tangu sifuri hadi kumi. Tuliamini jibu lake, hata kama halii, kisha tulifikishe kwa muuguzi upesi, kwa maana maumivu yaliyoachwa yakakomaa ni magumu kuyatuliza. Sisi wenyewe tusimpe dawa yoyote. Tunyooshe shuka lililokunjamana, tubadili lililolowa, tushushe chandarua jioni, tuzime simu zetu. Na yule dada au shangazi anayemlinda usiku wa tatu sasa, tumpokee zamu, naye apate kulala.

Kazi hizi hazipigiwi makofi, wala hazipendezi katika picha. Ndiyo maana twazikwepa.

Siku ya mwisho Bwana atatukumbusha kwamba alikuwa mgonjwa, nasi tukaenda kumtazama. Tuombe asije akaongeza kwamba tulimnyima usingizi.