Makala Yasiyo na Moshi Ndiyo Yanayoua

Jioni inapofika Katogota, katika Kivu ya Kusini, magari makubwa huanza kusimama kando ya barabara ya taifa namba 5. Yale yanayoshuka kutoka Bukavu yamekwisha kuipita miteremko ya Ngomo, na shofa ana kila haki ya kunyoosha mgongo. Yale yanayopanda kutoka Uvira yamebeba samaki wa ziwani, ndagala na mukeke. Kijana wa gari hushusha mbabula, yaani jiko la makaa, iliyofungwa kwa waya nyuma ya kabini, humimina makala, hupepea kwa kipande cha katoni, na punde si punde harufu ya brosheti za mbuzi inatambaa kuelekea mto Ruzizi. Hiyo ni raha halali ya msafiri, nami sina ugomvi nayo.

Ugomvi wangu ni na maneno yanayofuata baadaye usiku, mvua inapoanza kupiga bati la kabini: “Ingiza mbabula ndani. Makala yamekwisha kuiva, hayana moshi, hayana neno.”

Maneno hayo nimeyasikia kwa mashofa, kwa wachuuzi, kwa mama zetu wanaolala juu ya mizigo chini ya turubai, na kwa watu waliosoma hadi chuo kikuu. Yanasemwa kwa utulivu wa mtu anayesema kwamba jua hutoka mashariki. Nayo ni uongo. Makala yaliyoiva, mekundu, yasiyofuka hata kidogo, hutoa sumu inayoweza kuua kila aliyelala ndani ya gari kabla hakujapambazuka.

Tuanze na hiyo sumu yenyewe, kwa sababu adui asiyejulikana sura hapigwi vita. Makala yanapoungua bila hewa ya kutosha hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho wala haikereketi koo. Moshi wa kuni unakukohoza na kukufukuza, kwa hiyo unakuokoa. Gesi hii haikufukuzi. Ukitaka kuiona kwa njia ya mzunguko, chungulia mbabula iliyokolea gizani: vile vilimi vidogo vya buluu vinavyocheza juu ya makala ni gesi hiyo ikiungua. Vilimi vikizimika na majivu yakitanda juu, gesi haijaisha. Inaendelea kutoka chini kwenye makaa mekundu, safari hii bila kuungua, moja kwa moja hadi puani mwako. Saa ile tunayosema makala yamekuwa salama ndiyo saa ya kuyaogopa.

Ikishaingia mapafuni, gesi hiyo hushika damu mahali pale pale panapobeba oksijeni, na huishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Mtu anavuta pumzi kama kawaida huku mwili wake ukikosa hewa. Kwanza kichwa kinauma, kisha kichefuchefu, kisha miguu inalegea. Aliye macho huenda akajaribu kusimama afungue mlango, akaanguka kabla ya kuufikia. Aliyelala hapati hata nafasi hiyo.

Mimi mwenyewe nimepita karibu na shimo hilo. Msimu mmoja wa mvua gari letu lilikwama kati ya Nyangezi na Kamanyola, juu kule ambako usiku una baridi. Tulichoma nyama tuliyonunua kwa mama mmoja njiani, tukala, tukaingiza mbabula kabini, tukafunga vioo. Karibu na alfajiri niliamka kichwa kikigonga kama ngoma, mwenzangu mmoja akitapika, mwingine haitiki. Tukamtoa nje tukimburuta kwa mikono. Hewa ya mlimani ndiyo iliyomwamsha, polepole. Na unajua tulisema nini asubuhi ile, watu wazima wanne? Tulisema yule mama ametutilia karuho, ile sumu ya kuua kwa siri, kwenye nyama.

Hapa ndipo imani hii inapokuwa na ubaya wa pili. Katika Kivu ya Kusini, mtu akifa ghafla baada ya kula na wenzake, neno karuho ndilo la kwanza kutamkwa. Anatafutwa aliyepika, aliyeuza, aliyemimina pombe, jirani mwenye ugomvi wa shamba. Mama mnyonge anaweza kupoteza jina lake, nyumba yake, hata uhai wake, ilhali aliyeua amekaa kimya kwenye kona ya kabini, amefunikwa na majivu. Sisemi kwamba hakuna binadamu aliyewahi kumtilia mwenzake sumu. Nasema kabla ya kumnyooshea mtu kidole, uliza kwanza: walilala wapi, na mbabula ilikuwa wapi? Kama wote waliolala pamoja wameamka na kichwa kinachouma kwa wakati mmoja, huenda jibu liko kwenye mbabula. Na msikimbilie kumnywesha mgonjwa maziwa kana kwamba amekula sumu. Sumu hii haiko tumboni, iko kwenye damu. Mtoeni nje kwenye hewa, halafu mpelekeni haraka kwenye kituo cha afya, kwa sababu hata katika hewa safi mwili huhitaji muda wa saa 4 hadi 5 kupunguza sumu hiyo kwa nusu tu.

Najua nitakavyojibiwa. “Mama zetu walipika ndani ya nyumba miaka yote, na sisi tuko hai.” Ni kweli, na nyumba zile zilikuwaje? Kuta za udongo, paa la nyasi, na nafasi wazi kati ya ukuta na paa ambapo hata popo walipita. Nyumba ile ilikuwa inapumua. Kabini ya gari ni sanduku la chuma lenye mipira milangoni, limetengenezwa makusudi lisipitishe hewa wala mvua. Turubai lililokazwa kwa kamba juu ya mizigo ni vivyo hivyo. Hema la nailoni ni vivyo hivyo. Kulala na mbabula humo na kujitetea kwa nyumba ya nyanya yako ni kulinganisha kikapu na mtungi.

“Basi tutaacha kioo wazi kidogo.” Upenyo wa vidole viwili hauwezi kushindana na mbabula iliyojaa. Usiku usio na upepo hewa haitembei kwa sababu tu umeionyesha mlango.

Wala tusidhani kwamba huu ni ujinga wa watu wa bonde letu la Ruzizi peke yao. Mwandishi Émile Zola alikufa Paris mwaka 1902 ndani ya chumba chake cha kulala, kwa gesi hiyo hiyo, kwa sababu bomba la moshi la moto wake lilikuwa limeziba. Februari 2021, umeme ulipokatika Texas wakati wa baridi kali, wapo walioingiza majiko ya makala ndani ya nyumba, na gesi ikawapata. Marekani sheria inataka mfuko wa makala uchapwe onyo kwamba kuyawasha ndani ya nyumba, gari au hema kunaweza kuua. Makala yetu hufika sokoni kwenye gunia lililozibwa juu kwa nyasi na kushonwa kwa kamba. Hakuna mahali pa kuandika onyo. Onyo letu linapaswa kukaa mdomoni mwa muuzaji.

Barabara hii inaujua moto. Kule Sange, chini yetu, tarehe 2 Julai 2010 gari la mafuta lilipinduka na kulipuka, wakafa watu zaidi ya 230. Tangu siku ile hakuna anayehitaji kuhubiriwa hatari ya mwali unaoonekana. Lakini wahenga waliposema pafukapo moshi hapakosi moto, hawakusema kwamba pasipofuka pana usalama. Hilo tumejiongezea wenyewe.

Kwa hiyo, anayeniuliza achague mbabula gani ya safari, awe shofa wa lori la Fuso au mgeni mwenye gari la kulala ndani yake, nitamjibu hivi. Watu huuliza ipi ni nyepesi, ipi ni rahisi, ipi haili makala mengi. Maswali hayo yana maana, lakini yaje nyuma. La kwanza ni hili: usiku ukiingia, mbabula hii italala wapi? Kama huna jibu la “nje”, usiinunue.

Mbabula ya bati jepesi hubebeka na hupoa upesi, ila angalia miguu yake. Ikiyumba kwenye changarawe za barabarani, itamwaga makaa kwenye miguu ya mtoto. Iliyokandikwa udongo ndani huhifadhi moto na kuokoa makala, jambo jema kwa misitu yetu, lakini kwa sababu hiyo hiyo hubaki na moto muda mrefu baada ya chakula. Ukichagua hiyo, pika mapema. Iliyotengenezwa kwa rimu ya gurudumu haipinduki na hudumu miaka, lakini ni nzito na ina kina kirefu. Usiijaze, kwa sababu makala yaliyorundikana hukosa hewa katikati na hutoa gesi zaidi. Aina yoyote utakayochukua, tafuta fundi akutengenezee kifuniko cha kuuzima moto, na ndoano ya kuifunga nje ya gari. Jiko la gesi nalo lisisamehewe: ndani ya chumba kilichofungwa linaweza kutoa sumu ile ile.

Wengi huingiza mbabula kabini wakiogopa wezi. Naelewa, kwa maana bondeni kwetu mbabula ni mali. Kila mara vita vilipoteremka huku, watu walikimbia na godoro, sufuria na mbabula. Basi izimeni kwanza. Mwagieni makala maji, yageuzeni, mwagieni tena, mpaka mtu aweze kuyashika kwa mkono mtupu. Yakikauka kesho mtayatumia tena. Yasiyozimika vizuri msiyatie guniani ndani ya gari, yatawaka upya njiani. Na kama ni baridi, blanketi. Kama ni mbu, chandarua. Moto wa kulala nao ndani ya gari haupo.

Wenye magari, waambieni vijana wenu kabla hawajaondoka Bukavu au Uvira. Mama wauza makala, mnapofungua gunia semeni neno moja kwa mnunuzi. Wachungaji na maimamu, mnasimama mbele ya watu kila wiki, na redio zetu zinaingia kila kijiji kutoka Kamanyola hadi ziwani. Jambo hili halihitaji fedha za mtu yeyote. Linahitaji tu sentensi moja kuondolewa midomoni mwetu na nyingine kuwekwa mahali pake, tuwafundishe watoto wetu kama tunavyowafundisha kutocheza kwenye maji ya Ruzizi: makala mekundu hulala nje, watu hulala ndani.