NYUMBA NA JAMII: Aliyefiwa na Mtoto Asiachwe Peke Yake

Wahenga walinena kuwa uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Kauli hiyo ni ya kweli, lakini isiwe kisingizio cha majirani kukaa mbali. Katika mji wa Rumonge na vijiji vya ufuko wa Ziwa Tanganyika, kifo cha mtoto si habari ngeni. Malaria ingali inaua watoto, kipindupindu kimezuka huko mara nyingi, na maji ya ziwa nayo huchukua wanaocheza bila mtu mzima. Hata hivyo, kuzoea kusikia habari za misiba si kuuzoea msiba.

Waislamu wa Rumonge huzika upesi, kisha huketi matanga siku tatu. Katika mila ya Kirundi iko pia siku ya kuganduka, yaani kuondoa msiba, ambayo huja baadaye. Lakini aliyekufa akiwa mchanga, mara nyingi watu hutawanyika mapema. Mama huambiwa, "Wewe ungali kijana, Mungu atakupa mwingine." Msemaji hudhani amefariji, kumbe amemwambia mama kwamba aliyezikwa hakuwa mtu kamili.

Wayahudi wana desturi inayofaa kutafakariwa. Dini yao haiko mbali nasi: karibu na Mbale, nchini Uganda, wako Abayudaya, jamii iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919. Kwa sheria ya Kiyahudi, wazazi waliofiwa na mtoto huketi nyumbani siku 7 tangu mazishi. Hawafanyi kazi, na huketi chini au juu ya viti vifupi. Mlo wa kwanza baada ya kutoka makaburini hauwi wao. Huletwa na majirani, na aghalabu huwamo mayai. Mgeni aingiapo hanyanyui neno mpaka mfiwa aseme kwanza. Baada ya siku hizo 7, maombolezo huendelea kwa namna nyepesi mpaka siku ya 30. Kisha, kila mwaka tarehe ya kifo ikifika, taa au mshumaa huwashwa.

Hata kwao, kwa karne nyingi mtoto asiyetimiza siku 30 hakufanyiwa maombolezo rasmi. Siku hizi marabi wengi wanawaruhusu wazazi kumwombolezea, kwa kuwa wameona kwamba huzuni haihesabu umri wa marehemu.

Wala machozi si upungufu wa imani. Mtume Muhammad alimlia mwanawe Ibrahim, aliyefariki akingali mtoto mdogo. Naye Mfalme Daudi, mwanawe alipougua, alifunga na kulala chini.

Basi majirani wafanye nini? Kwanza, wapeleke chakula kilichokwisha kupikwa, ugali na ndagala vikiwa tayari, wala wasimuulize mama atakula nini. Pili, waketi kimya, na jina la mtoto lisiogopwe kutajwa. Tatu, wamkumbuke baba. Uvuvi wa ndagala hufanywa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa, mapato hupungua. Msiba ukiangukia siku za giza, mvuvi hulazimika kuchagua kati ya matanga na riziki. Wenzake wa mtumbwi wakimtengea fungu lake kwa juma moja, watakuwa wamempa nafasi ya kulia.

Nne, ndugu za marehemu waambiwe ukweli kwa maneno mepesi. Mtoto aliyeambiwa kuwa mdogo wake "amelala" huweza kuogopa usingizi wake mwenyewe.

Mwisho, wageni wasiishie siku ya tatu. Inafaa jirani mmoja apite tena baada ya majuma mawili, na tena baada ya mwezi. Akimkuta mama hali, halali, wala hajali watoto waliobaki, amsindikize kituo cha afya bila kumlaumu.