Kamera Haina Ulimi

Imezuka pwani na visiwani imani mpya, nayo huhubiriwa kwa yakini ile ile ya waganga wa hirizi: kwamba kijana atakaye kula kwa jasho la video za mtandaoni sharti kwanza apate kamera kubwa. Akiuliza aanzie wapi, haambiwi atafute jambo la kusema wala mtu wa kumsikiliza. Hutajiwa jina la kamera, toleo lake na bei yake. Basi huchukua fungu lake la upatu, huazima kwa jamaa, huuza pikipiki iliyokuwa ikimpa riziki, akanunua. Miezi haipiti mingi, kamera imo kabatini na mdai yuko mlangoni.

Imani hiyo ni batili, na madhara yake hayaishii mfukoni mwa kijana. Kila shilingi inayozikwa katika chuma na kioo ni shilingi iliyokosa kumfikia malenga, mghani wa tenzi au mpiga kanuni, ambao ndio chimbuko la hicho kinachopigwa picha. Na hao wanaondoka. Bi Kidude alifariki Aprili 2013. Haji Gora Haji, malenga wa Tumbatu, alifariki 2021. Hawa walau walijulikana, wakanaswa, wakachapishwa. Wako wengine vijijini ambao diwani yao nzima imo kichwani, na kichwa hakina nakala.

Historia ya fasihi ya pwani inatoa ushahidi ulio wazi. Muyaka bin Haji alifariki Mombasa yapata mwaka 1840. Tungo zake zilikaa vinywani mwa watu kwa miongo kadhaa, mpaka Mwalimu Sikujua, Mswahili wa mji ule ule, alipozikusanya na kuzifafanua pamoja na mmisionari W. E. Taylor. Diwani ya Muyaka ikachapishwa mwaka 1940, miaka mia moja hivi baada ya mtunzi kuzikwa. Ala ya Mwalimu Sikujua ilikuwa kalamu na karatasi. Kilichookoa beti zile kilikuwa sikio lake, subira yake, na kujua kwake mlango gani wa kubisha hodi. Laiti angesubiri kalamu ya dhahabu, leo Muyaka angekuwa jina tu.

Siti binti Saad naye alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kuimba mbele ya mitambo ya kampuni ya santuri. Upande mmoja wa santuri za wakati ule ulibeba dakika tatu hivi tu, na sauti iliyotoka ilikuwa na mkwaruzo ambao sikio la leo lingeuona kasoro kubwa. Hata hivyo sauti ile ingali inasikilizwa. Hakuna aulizaye mtambo uliomrekodi ulikuwa wa toleo gani.

Watasema watetezi wa kamera kubwa kwamba zama zimebadilika, kwamba mtazamaji wa leo hutaka picha safi. Na wapimwe basi kwa mizani yao wenyewe. Picha za 4K zina nukta mara nne ya zile za 1080p. Nukta hizo zote hupakiwa kwa bando lililonunuliwa kwa taabu, mtandao huzikandamiza upya, kisha hutazamwa kwenye kioo cha simu chenye upana wa kiganja, na mtu ambaye naye anahesabu bando lake na amechagua ubora wa chini. Ni sawa na kupanda jahazi kubwa kwenda kuvua dagaa wa kitoweo.

Wakati huo huo sauti imeachwa yatima. Kijana aliyetoa mamilioni kwa kamera huinasa sauti ya malenga kwa kinasa sauti kilichojengwa ndani ya kamera hiyo hiyo, kutoka upande wa pili wa chumba. Hapa ndipo ujinga unapogeuka dhuluma. Shairi letu halikai katika picha; linakaa katika sauti. Mshororo wa mizani kumi na sita hugawika nane kwa nane, kina cha kati na kina cha mwisho vikiitikiana. Upepo wa kusi ukimeza kina kimoja, ubeti umevunjika, na hakuna lenzi duniani iwezayo kuuunga. Mtazamaji husamehe sura yenye ukungu. Hasamehi silabi iliyopotea, kwa kuwa silabi hiyo ndiyo aliyoifuata.

Jambo hili si la hisia tu. Lina kanuni yake. Mahali pa wazi, umbali baina ya kinywa na kinasa sauti ukiongezwa mara mbili, nguvu ya sauti inayofika hubaki robo. Kwa hiyo maikrofoni ndogo ya kubana kifuani, yenye kifuniko cha sponji au manyoya cha kuzuia upepo, ikiwekwa shubiri moja kutoka kidevuni, humfaa mghani kuliko kamera ya bei mara ishirini iliyosimama hatua tano mbali. Simu ya kawaida juu ya kigoda cha miguu mitatu, mghani ameketi ubavuni mwa dirisha apate nuru ya asubuhi, feni imezimwa na mlango umefungwa: hiyo ni studio ya kutosha kwa utenzi wa beti mia.

Haimaanishi kwamba kamera nzuri haina kazi. Vidole vya mpiga kanuni vina jambo la kueleza. Ngoma ya usiku, katika nuru ya taa moja, huishinda simu, kwa kuwa kihisi chake ni kidogo na hakikusanyi nuru ya kutosha. Hapo kamera ya kihisi kikubwa na lenzi yenye tundu pana huonesha thamani yake. Lakini hiyo ni haja ya kazi maalumu, nayo huweza kutimizwa kwa kamera iliyokwisha kutumika, au ya kukodi kwa usiku mmoja. Na anunuaye akumbuke yuko wapi. Unyevu wa visiwa huotesha ukungu ndani ya lenzi, na chumvi ya bahari hula vyuma. Kamera ya thamani isiyotunzwa katika sanduku lisilopitisha hewa, pamoja na vifuko vya kukausha unyevu, huanza kufa siku ile ile iliposhuka botini.

Nayo hoja ya riziki? Ndiyo hoja kuu ya wauza ndoto, na ndiyo iliyo dhaifu kuliko zote. Masharti ambayo YouTube iliyatangaza Januari 2018, na ambayo yangali mlango mkuu wa kugawana fedha za matangazo, yanataka chaneli iwe na watu 1,000 waliojisajili na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Na ifanywe hesabu. Shairi la dakika nne, likitazamwa mwanzo hadi mwisho bila mtu hata mmoja kukatiza, linahitaji kutazamwa mara 60,000 ili kuzitimiza saa hizo. Hapo kijana hajalipwa hata senti. Amefika kizingitini tu. Akishaingia, kwa video za kawaida hupata asilimia 55 ya mapato ya matangazo, wala halipwi mpaka limbikizo lake lifike dola 100. Na kima cha tangazo hutegemea mtangazaji yuko tayari kutoa nini kwa ajili ya mtazamaji wa nchi fulani. Soko hilo halijui vina wala mizani.

Njia ya pili ya kuufikia mlango huo ni video fupi: kutazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90. Kwa nini basi wale walioanza na azma ya kunasa tenzi huishia kunasa ugomvi wa majirani, umbea na vichekesho vya kuangushana? Kwa sababu kinu walichojifunga nacho kinasaga nafaka hiyo. Deni la kamera ndilo linalowasukuma. Asiye na deni anaweza kuketi na mzee siku nne, akamsubiri akumbuke ubeti uliompotea. Mwenye deni hana siku nne. Kamera kubwa, iliyonunuliwa ili kuitumikia fani, ndiyo huwa ya kwanza kumtoa mwenyewe katika fani.

Atajibu mtu: je, wasanii wafe njaa kwa ajili ya usafi wa fani? La hasha. Riziki ni haki, na pwani haikuanza jana kuuza neno. Muhamadi Kijumwa wa Lamu alinakili tenzi kwa hati nzuri kwa ajili ya wataalamu wa Ulaya, naye akalipwa. Nakala zake zimo katika maktaba za ng'ambo hadi leo. Lakini Kijumwa hakuwa na mlango mmoja. Alichonga mbao, alitunga, alipiga ala, alifundisha. Mteja wa mbali alimjazia kibaba. Hakuwa kibaba chenyewe. Na alichokiuza hakikuwa kalamu yake, bali ujuzi ambao mteja hakuweza kuupata kwingine.

Huo ndio mwendo wa kuufuata. Atakaye kula kwa video na awe na kazi ambayo watu wa karibu wanailipia kwa mkono: kunasa sherehe kwa ridhaa ya wenyewe, kurekodi mafunzo ya skuli, kuvitengenezea vikundi vya taarabu kumbukumbu za maonyesho yao, kuwafanyia kazi wenye hoteli na watafiti. Hiyo ndiyo nanga. Mtandao uwe dirisha la kuoneshea kazi, na fedha zitokazo huko zihesabiwe kama samaki wa ziada, si kama chakula cha jioni.

Limebaki jambo zito kuliko yote, nalo ndilo lisemwalo kwa nadra. Mwenye kamera anapomwendea malenga, akaghaniwa tungo kumi, akaondoka, halafu tungo zile zikazunguka dunia kwa jina la chaneli yake, malenga amepata nini? Aghalabu soda na ahadi. Hakuulizwa kama aridhia. Jina lake limeandikwa kwa kosa, au halikuandikwa kabisa. Siku chaneli ikilipa, hakuna anayekumbuka njia ya kurudi kijijini kwake. Zanzibar ina Sheria ya Hakimiliki tangu 2003. Kwa hiyo dhana kwamba neno la kinywani halina mwenyewe ni dhana ya wizi, hata ikivaa kanzu ya kuhifadhi utamaduni. Anayehifadhi bila ya kulipa wala kutaja jina, amejihifadhia nafsi yake.

Tena pwani haina haja ya kufundishwa adabu hii kutoka nje. Katika taarabu msikilizaji aliyeguswa na neno huinuka, akaenda mpaka jukwaani, akamtunza mwimbaji mbele ya kadamnasi. Fedha hutoka mkono kwa mkono. Wote huona nani ametoa, nani amepokea na kwa neno gani. Video ya mtandaoni imeukata mkono huo katikati: msikilizaji wa Muscat au London huguswa vile vile, hububujikwa na machozi vile vile, lakini tuzo yake haina njia ya kufika. Kuirudisha njia hiyo si kazi ya kamera. Ni kazi ya makubaliano yaliyoandikwa kabla ya kunasa: jina kamili la mtunzi na la mghani, fungu lao katika kila kitakachopatikana, namba ya simu ya kupokelea tuzo iwekwe wazi wakiridhia, na nakala ya kila kilichonaswa iachwe kwa mwenyewe na kwa wanawe.

Basi bajeti ya kijana igeuzwe juu chini. Fungu la kwanza ni la malenga. La pili ni la sauti. La tatu ni la nauli na siku za kukaa, kwa kuwa Tumbatu, Makunduchi, Micheweni na Pate hazifikiwi kwa lenzi ndefu. La nne ni la kuhifadhi nakala mahali pawili tofauti, maana kadi moja ikiharibika huondoka na mzee mzima. Kikisalia kitu, hapo ndipo ifikiriwe kamera.

Wauza kamera hawatapungukiwa na wateja. Kila mwaka huleta toleo jipya na kulifanya la mwaka jana lionekane aibu. Malenga hawana toleo jipya. Aliyeko leo na utenzi wa mababu kichwani hangoji mkopo upitishwe, wala hangoji chaneli ifikishe watu elfu. Anangoja abishiwe hodi, aulizwe kwa heshima, asikilizwe mpaka mwisho, alipwe.