Jina la kiwanda lalindwa mizanini

Mwaka 2018, Waziri wa Usalama wa Ndani, Fred Matiang'i, alisema sukari ya magendo iliyonaswa ilikuwa na zebaki. Wakubwa wenzake serikalini wakampinga hadharani. Alizungumzia magendo, naam, lakini mnunuzi wa Kongowea atajuaje ipi ya magendo na ipi ya Butali, kule Kakamega?

Siku kama hiyo ndipo afisa uhusiano hujulikana. Aliyefundishwa kuandika taarifa na salamu za Idi pekee hana la kusema. Anayeijua maabara ya kiwanda chake atatoa majibu ya vipimo siku hiyo hiyo, na mkemia wa kuyaeleza.

Vijana wetu wenye diploma hukimbilia kozi na uanachama wa PRSK. Si vibaya. Ila wakiajiriwa kiwandani, waanzie kwenye mizani ya miwa. Mkulima akipunjwa kilo au malipo yakikawia, habari itafika soko la Malava kabla afisa hajafungua kompyuta. Sisi tuliokulia Kwale twayajua haya: kiwanda cha kale cha Ramisi kilipokufa, wazee hawakuulizia taarifa kwa vyombo vya habari. Waliulizia pesa zao.