Hilo gari ni la nani?

Leo naomba uniruhusu nizungumzie jambo la uani kwangu. Chini ya mwarobaini wa nyumba yetu hapa Tanga kuna gari aina ya Peugeot 404 la mwaka 1967. Marehemu baba yetu alilinunua likiwa limeshatumika, akaliendesha hadi macho yalipomkatalia, kisha akaliegesha pale pale lilipo sasa. Kwa miaka 11 kuku walitaga humo. Baba alipofariki tuligawana shamba, tukagawana kodi ya nyumba ya kupangisha, hata saa yake ya ukutani ilipata mwenyewe. Gari halikutajwa na mtu, kwa kuwa hakuna aliyelihesabu kuwa ni mali.

Mwaka jana nikajiwa na hamu ya kulifufua. Najua si mimi peke yangu. Nyumba nyingi zina Land Rover ya babu au Volkswagen ya mjomba inayooza nyuma ya jiko, na yupo kijana wa makamo anayeitazama kila jioni na kusema moyoni, siku moja. Basi nimsimulie huyo jinsi nilivyoanza vibaya.

Vijana wa leo huliona bati lenye mapezi. Lakini 404 ilipotoka Ufaransa mwaka 1960, umbo lake likiwa limechorwa na Pininfarina wa Italia, ilikuwa gari la mtu mwenye heshima zake, na sedani yake iliendelea kuundwa huko hadi mwaka 1975. Kwetu Afrika Mashariki ilijipatia jina katika mashindano ya Safari: ilishinda mwaka 1963, kisha miaka mitatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland na Chris Rothwell, waliotoka hapa hapa Tanzania. Baba alikuwa akiwaambia wageni kwamba alinunua gari lililoshinda Safari. Mama humrekebisha hadi leo: alinunua ndugu yake.

Nilianza na lile ambalo kila asiye fundi huanza nalo: nilinunua rangi. Fundi wa bodi, mzee mmoja wa mtaani, alipokuja hakuitazama rangi yangu. Alipiga magoti, akachukua bisibisi, akaigonga taratibu chini ya mlango wa dereva. Ikazama hadi mpini. Akaniuliza kama najua nyumba hii imesimama juu ya nini. Land Rover za zama zile zina chesisi ya chuma chini na bodi imewekwa juu yake. 404 haina chesisi ya namna hiyo, bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu, na mabati yale ya chini ya milango ndiyo nguzo zake. Hewa ya chumvi ya pwani ilikuwa imezila kwa ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Kupaka rangi juu yake ni sawa na kupaka chokaa ukuta ulioliwa na mchwa. Tukakata, tukachomelea mabati mapya, tukiwa tumeshalitoa tangi la petroli na betri na kuweka ndoo mbili za maji na mchanga pembeni. Makopo ya rangi bado yako stoo.

Kazi ilikuwa imefika hapo, gari likiwa juu ya magogo na boneti wazi, mdogo wangu wa kike alipokuja kumwona mama. Alilizunguka mara mbili.

“Kaka, hongera. Umeshatumia kiasi gani?”

“Laki tisa na kidogo.”

“Na hilo gari ni la nani?”

Nikacheka nikidhani ni mzaha. Yeye hakucheka.

Ndugu msomaji, usiku ule sikulala vizuri, maana kila nilipojibu swali lile jibu lilinigeukia. Lau ningelimaliza na kuliuza kwa bei nzuri, ningesema faida ni jasho langu. Lau ningeshindwa katikati, ningekuwa nimekata kwa msumeno mali ya watu watano bila idhini yao. Mtu akifa, kilichobaki baada ya gharama za maziko, madeni na wasia ni cha warithi, hata kama ni sindano. Sikumbuki popote pale palipoandikwa kwamba kitu kikishaota kutu kinakuwa cha mtoto anayeishi karibu nacho. Na haya ndiyo yanayotokea katika nyumba zetu: kitu huachwa kwa kuwa hakina thamani, mmoja akakipa thamani, na siku hiyo ndipo wote wanapokumbuka kwamba baba alikuwa na watoto wanne.

Asubuhi nilimwita mnunuzi wa chuma chakavu. Nilimwomba anitajie bei ya gari kwa uzito wake, kama alivyoliacha baba, bila kuhesabu nilichoongeza. Akataja shilingi 960,000. Babu na bibi walishatangulia, kwa hiyo warithi ni mama, sisi wana wawili wa kiume na mabinti wawili. Thumuni ya mama ni 120,000. Zilizobaki, 840,000, hugawanywa mafungu sita: kila binti fungu moja la 140,000, kila mtoto wa kiume mafungu mawili, yaani 280,000. Kwa hiyo ili gari liwe langu, nilitakiwa kuwapa wenzangu 680,000 kabla ya kununua hata spana. Nilipolinganisha na kopo za rangi zilizoko stoo, nilikaa kimya. (Mirathi ya kila nyumba ina watu wake, usichukue hesabu yangu ukaibandika kwako, muulize mwanachuoni.)

Kaka yetu aliyeko Muscat alisema kwa simu kwamba anachukua fedha zake na ananitakia subira. Dada mkubwa alipokea fungu lake akampa mama. Mdogo wangu, yule aliyeuliza, alikataa.

“Mimi siuzi.”

“Basi unataka nini?”

“Nabaki na changu.”

Changu chenyewe ni sehemu saba katika arobaini na nane. Nilimuuliza kama hiyo ni mlango au tairi la nyuma. Akajibu bila kufikiri: “Usukani.”

Tukaandikiana. Sisi watu wa pwani huona haya kuandikiana na ndugu, kana kwamba kalamu ni tusi, ilhali aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur’ani inahusu kuandika deni. Karatasi yetu ni fupi. Inataja thamani ya gari siku ile. Inasema kila ninachonunua kiingizwe daftarini kwa tarehe na risiti. Gari likiuzwa, kwanza nirudishiwe zilizo daftarini, kisha kinachobaki kigawanywe kwa mafungu. Na hakuna wa kuliuza wala kumwahidi mtu bila mwenzake kuridhia. Jasho langu halihesabiwi. Nililalamikia kipengele hicho. Aliniuliza kama si mimi niliyesema kwamba kazi hii ni starehe yangu, na shahidi mmoja akacheka kabla ya kutia saini.

Tangu hapo kazi ilienda vizuri zaidi, sijui kwa nini. Injini ilikuwa imekwama. Ni ya silinda nne, ujazo wa sentimita 1618, nayo imelala ubavu kwa nyuzi 45. Tulitoa plagi, tukamimina oili kidogo katika kila tundu, tukaiacha siku tatu. 404 ina tundu la hendeli mbele, hivyo tuliizungusha kwa mkono, robo kwa robo, bila kuilazimisha. Siku ya nne ikazunguka yote. Anayekimbilia kufunga betri mpya na kupiga stata katika injini iliyolala miaka mingi anaweza kuvunja siku hiyo hiyo kile kutu ilichokiacha.

Kwenye difu nilikosea, na aliyeniokoa ni mwenye usukani. Nilinunua oili nzito inayotumika katika difu za magari ya sasa, nikaimimina. Jioni alikuwa akisoma kitabu cha gari tulichokikuta ndani ya dashibodi, akaniita: “Kaka, umeweka oili gani?” Difu la 404 si kama ya magari mengi. Ndani yake kuna gurudumu la meno la shaba nyeusi, linalozungushwa na chuma chenye nyuzi kama parafujo kubwa. Oili nyingi za difu za kisasa zina dawa ya salfa inayoila shaba hiyo kidogo kidogo. Tuliimwaga usiku ule ule kwa mwanga wa simu, na bei yake iko daftarini.

Liko jambo moja haliko daftarini. Kijana wangu wa miaka 14 alikuwa chini ya gari, na jeki ilikuwa juu ya mchanga. Alitoka kuchukua spana namba 13. Gari likashuka taratibu, bila kelele, kama ngamia anayepiga magoti, hadi likalala mahali kilipokuwa kifua chake. Sikumsema mtu, kwa kuwa jeki niliiweka mimi. Sasa haingii mtu chini mpaka gari liwe limekaa juu ya magogo mapana yaliyolazwa kwenye mbao, na magurudumu yaliyotolewa yamesukumwa chini ya bodi. Vilevile rangi ya zamani hatuikwangui kikavu, kwa kuwa nyingi za zama zile zilitiwa risasi na vumbi lake ni sumu kwa watoto. Tunatumia msasa wa maji, na watoto wadogo hukaa ndani. Vumbi la breki kuukuu nalo hatulipulizi. Lina madini ya asbesto yanayodhuru mapafu. Tunalilowesha na kulifuta kwa kitambaa tunachokitupa.

Hivi ninavyoandika, breki zote nne ziko wazi na tunasubiri mipira ya silinda zake kutoka Mombasa. Injini iliwaka kwa dakika mbili wiki iliyopita, moshi ukajaa uani, mama akafunga madirisha. Mdogo wangu huja kila Jumapili. Ameusugua usukani kwa mafuta ya nazi, akaufunika kwa kanga, na hakuna ruhusa ya kuushika kwa mkono wenye grisi.