Fito za Mviringo Zatengenezwa, Hazingojwi Dukani

Askari anayeishi kambini pamoja na aila yake hana budi kutumia kwa akili nafasi ndogo aliyopewa. Ndiyo sababu kitanda cha ghorofa kimekuwa chombo cha lazima katika nyumba nyingi za askari jeshi na polisi hapa Uganda, na ndiyo sababu leo tunaona yafaa kuzungumzia kitu ambacho wengi hukidharau: ufito mrefu wa mviringo wa mti mgumu. Huo ndio kidato cha ngazi ambacho mtoto hukanyaga gizani, na huo ndio mwamba unaomzuia asianguke usingizini.

Madukani fito hizo ni za shida. Zinazopatikana kwa wingi ni vijiti vifupi kama kidole, vya kuunganishia mbao za makabati. Atakaye ufito wa mita 2, unene wa milimita 36, huambiwa arudi kesho, na kesho huambiwa vivyo hivyo. Mwishowe mtengenezaji mwenye haraka humkatia ubao wowote, akaupitisha msasa, akapigilia misumari na kupaka vanishi nyingi. Askari hulipa fedha zake za halali. Lakini vanishi haibebi uzito wa mtoto.

Sisi twasema kwamba fito hizo hazina haja ya kungojwa dukani. Zaweza kutengenezwa na fundi yeyote mwenye randa nzuri na subira, mradi ajue mambo machache ambayo wengi huyapuuza.

La kwanza ni nyuzi za mti. Nyuzi zikienda moja kwa moja toka ncha hii hadi ile, ufito hupinda na kulia kabla ya kuvunjika, nao hutoa onyo. Msumeno ukizikata mshazari, zikatokeza ubavuni, ufito hukatika ghafula, hata ukiwa mnene. Kwa hiyo mafundi wa zamani hawakuanza na msumeno. Walipasua gogo kwa shoka na kabari, mti ukajionyesha wenyewe njia ya nyuzi zake. Mvule tunausifu sana, nao ni mti bora wa milango na meza, lakini nyuzi zake zimefumana na haupasuki sawasawa. Kwa fito, mkalatusi uliokauka vizuri na wenye nyuzi zilizonyooka wafaa zaidi, nao hupandwa kila mahali.

Jambo hili lawahusu askari kwa namna ya pekee. Mvule huhitaji miaka 50 au zaidi kukomaa. Sheria ya misitu ya mwaka 2003, iliyoanzisha Mamlaka ya Taifa ya Misitu, iliweka mipaka ya ukataji; na Amri ya Rais nambari 3 ya mwaka 2023 ilipiga marufuku biashara ya makaa ya kaskazini na ukataji wa miti ya shea. Wanaosimamisha malori barabarani usiku ni askari. Haielekei hata kidogo kwamba mkono uliozuia gogo kizuizini ununue ubao wa gogo kama hilo kwa mlango wa nyuma, eti kwa ajili ya kidato cha kitanda.

La pili ni ukavu. Mti mbichi ukifanywa mviringo leo, baada ya miezi michache hugeuka umbo la yai, kwa maana mti hausinyai sawa pande zote. Kidato hulegea tunduni, kikaanza kuzunguka mguuni. Ni heri kupasua mti vipande vya mraba vilivyo vinene kidogo, kuvipanga kivulini kwa miezi kadhaa huku hewa ikipita kati yake, ndipo kuvitia randa.

Kazi yenyewe ni hesabu ya mtoto wa shule. Kipande kwanza kinyooshwe kiwe mraba kamili wa milimita 36. Upana wa kila upande ugawanywe sehemu 24: saba pembeni, kumi katikati, saba pembeni, yaani milimita 10 na nusu, 15, na 10 na nusu. Pigeni mistari kwa urefu wote. Kisha mbao mbili zipigiliwe ziwe mfereji wa kulaza kipande hicho, pembe ikitazama juu, na randa iondoe pembe hizo hadi mistarini. Mraba umekuwa pande nane zilizo sawa. Pembe nane ziondolewe kidogo kidogo ziwe pande 16, na zilizobaki ni za msasa. Mashine ya kukereza huharakisha vipande vifupi, lakini ufito mrefu hutikisika katikati kama kamba usipotegemezwa.

Sajini Meja yeyote anajua kuipima fimbo yake ya gwaride: huiinua kwenye jicho moja na kuitazama toka nchani. Jicho hilo hilo ndilo linalotakiwa hapa, na wala halifundishwi kwa mashine.

Kwa maoni yetu, kambi zenye karakana ziweke akiba ya vipande vya mraba vikikauka mwaka mzima, na mafundi wanaokaribia kustaafu wawafundishe vijana wa kambini kazi hii. Gharama yake ni ndogo. Mabaki ya mbao yanayotupwa jikoni kuwa kuni yangetosha vidato vingi.

Na kabla ya kidato kutiwa gundi tunduni, kilazwe juu ya matofali mawili yaliyoachana kwa upana wa ngazi, naye baba akikanyage kwa mguu mmoja, uzito wake wote. Kikilia, kiende jikoni.