Arudhi, Jedwali na Mchoro

Mjadala wa arudhi uliopamba moto miaka ya 1970, hasa baada ya Kichomi cha Euphrase Kezilahabi (1974), naona uliendeshwa kwa hisia kuliko kwa hesabu. Leo hatuna udhuru. Ubeti wa tarbia wenye mizani 8 katika kila kipande ni jedwali kamili: mishororo 4, vipande 8, mizani 64.

Zipo lugha za programu zinazoshughulikia jedwali zima kwa mkupuo. Katika J, iliyobuniwa na Kenneth Iverson na Roger Hui mwaka 1990, kujumlisha huandikwa kwa alama mbili tu, +/, hata beti ziwe mia. Matokeo hukabidhiwa D3, maktaba ya JavaScript iliyotolewa mwaka 2011, nayo huyachora: mshororo uliopungukiwa na mizani huonekana mara moja kama nguzo fupi. Zote mbili hupatikana bure. Mwanafunzi aliyepanga chumba Pipeline, Embakasi, anaweza kuzitumia katika kompyuta ile ile anayochapia tasnifu.

Wapo watakaodai kwamba kazi hii ni ya wanasayansi. Nawapinga. Mashine haijui kuwa "m" ya "mtu" ni silabi kamili, ilhali ya "mbuzi" siyo. Isipoelezwa, mchoro utapendeza huku ukitupotosha. Kanuni hiyo ni mali yetu. Aidha, D3 huandika maneno tunayoipa. Tukiipa "mizani" na "mishororo", mchoro nao utasema Kiswahili.

Idara zetu zifundishe stadi hii, ili wahakiki tuhukumu kwa ushahidi.